Mguu Nyuma ya Nukta Tatu

Chumba cha Juu, Nyumba ya Ngazi za Chuma,
Nyuma ya Duka la Vioo.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Pokea salamu zangu, kisha umgawie Mkaza Mjomba fungu lake kwa haki, maana nakujua: ukipewa nyingi hubaki nazo zote. Je, kikohozi cha vumbi la plasta kimepoa? Barakoa niliyokutumia unaivaa? Mama anasema huivai, umeitundika msumarini ili wageni waione. Ameniamuru niandike hilo kabla ya neno jingine lolote, na mimi, msomi wa shahada nzima, bado naamriwa.

Sisi huku tu wazima. Bibi anakwenda dukani na kurudi bila kuomba mkono wa mtu, na ukimpa wako bila kuombwa anakuuliza kama wewe ndiye uliyechoka. Mama angali anasimamia maktaba ya shule. Dada amepandishwa cheo pale anapopokea simu za malalamiko. Sasa analalamikiwa na wapokeaji wenyewe.

Barua yako niliisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliisoma kama mpwa, mara ya pili kama mtu anayetafuta hoja ya kukupinga, na mara ya tatu nikaona hoja sina. Umeandika kwamba tangu ufungue Karakana Hatua, miezi mitano iliyopita, waliokuja kupimwa miguu hawajafika sita. Kwamba simu inalia, lakini anayepiga anaulizia iliki. Na kwamba siku ya mwisho ya mwezi huu utamrudishia mwenye jengo ufunguo wake, urejee kiwandani kupiga msasa miguu ya viti. Ukaongeza kuwa angalau mguu wa kiti hauna mwenyewe wa kuulalamikia. Najua ulikuwa unatania, Mjomba. Nimekaa na utani huo siku kumi na moja na haujanichekesha.

Umejilaumu kwa mengi: mtaa uliouchagua, ngazi mbili za mlangoni, hata sura yako, ambayo unadai inawatisha watu. Naomba uiache sura yako, haina kosa. Kosa ni langu, na nitalieleza hatua kwa hatua, kwa sababu kuomba radhi bila maelezo ni kujipunguzia kazi.

Utakumbuka kwamba uliponiomba nikutengenezee ukurasa wa mtandaoni ulitoa agizo moja tu: niandike "miguu ya kuvaa", basi. Nikakujibu kwa kurasa mbili kwamba hiyo ni lugha ya mtaani, kwamba istilahi inayotambuliwa ni "viungo bandia", na kwamba fundi wa hadhi yako hapaswi kujitangaza kama muuza soksi. Ukajibu kwa mstari mmoja, "Haya, Kamusi, wewe ndiye uliyesoma." Wakati ule nilidhani nimekushinda kwa hoja. Leo naelewa kwamba nilikuwa nimekuchosha.

Sasa nikueleze kilichotokea. Kila ukurasa una maneno yanayokaa kichwani mwake ambayo aliye ndani hayaoni. Huonwa na aliye nje tu. Mtu anapotafuta jambo kwenye simu, orodha anayoletewa imejengwa kwa maneno hayo: mstari mmoja wa kichwa na chini yake maelezo mafupi. Na mtu anapomtumia mwenzake anwani ya ukurasa, hutokea kadi ndogo yenye picha, kichwa na maelezo, nayo hutoka huko huko. Mafundi wa tovuti huyaita lebo za meta. Mimi nayaita kizingiti. Hapo ndipo mtu anapoamua avue viatu aingie au apite zake, na uamuzi huo haumchukui hata sekunde mbili.

Kizingiti chako nilikijenga mimi. Kichwa nilikiandika hivi: "Viungo Bandia vya Kila Aina, Vilivyobuniwa kwa Umakini wa", kisha nukta tatu, maana mstari wa kichwa hubeba herufi hamsini, sitini ukibahatika, na zinazozidi hukatwa bila huruma. Maelezo nayo niliyaanza kwa falsafa: "Tangu zama za kale binadamu hakuridhika na upungufu, alitafuta, akachanganya, akajaribu, mpaka akapata kile kinachorudisha ukamilifu na raha ya", na nukta tatu tena. Neno lililofuata lilikuwa "kutembea". Hakuna aliyewahi kuliona. Mguu wenyewe, Mjomba, niliuficha nyuma ya nukta tatu.

Picha sikuichagua. Niliona ni jambo dogo, na usipoichagua, mtandao hujiokotea yoyote utakayoikuta kwanza. Uliokota ile ya rafu yako ya rangi za kufananishia ngozi: zile chupa kumi na mbili za unga wa kahawia, wa manjano na mweusi, zimepangwa vizuri na vijiko vyake.

Juma moja kabla barua yako haijafika nilituma anwani ya ukurasa kwenye kundi la familia, kwa majivuno, nikitaka nisifiwe. Nilikuwa chini, kwa fundi cherehani, napunguziwa suruali, na Mama alikuwa pale na simu yake.

"Hee! Kaka yangu siku hizi anauza bizari?" Mama akauliza. "Tena feki?"

"Lete nione," akasema fundi cherehani, pini zikiwa bado mdomoni. Akaitazama kadi kwa heshima. "Si mbaya. Angalau yeye anasema ukweli. Wengine wanachanganya na hawasemi."

"Ni miguu," nikasema. "Viungo vya mwili. Ni Kiswahili sanifu."

"Miguu iko wapi hapo, mwanangu? Mimi naona manjano na pilipili manga."

Kabla sijajibu, Dada akaandika kundini kwa herufi kubwa: MSIBONYEZE. IMEANDIKWA KABISA VIUNGO BANDIA. Yeye, kwa kazi yake, kiungo ni ile anwani inayobonyezwa, na kiungo bandia ni mtego wa matapeli. Binamu wawili walimshukuru kwa kuwaokoa.

Basi nilisimama pale na mguu mmoja wa suruali mfupi kuliko mwingine, nikitafakari kwamba neno nililolipigania lina maana tatu, na kwamba msomaji wangu aliweza kuchagua mbili zisizo na mguu ndani. Kila neno lilikuwa sahihi. Usahihi huo ndio uliokunyima watu kwa miezi mitano. Hata hivyo, nikuungamie: jioni ile bado niliwalaumu wao. Barua yako ndiyo iliyonivua kiburi, na haikunivua chote. Utakiona kilichobaki huko mbele.

Nilipokwisha kuisoma nilimwendea jirani yetu wa chini, fundi wa mapaa. Hujaonana naye. Alianguka miaka minne iliyopita akiwa kazini, akakatwa mguu chini ya goti. Alitengenezewa mguu mahali fulani, lakini upo uvunguni, naye hutembelea magongo. Sasa ananoa visu na misumeno pale mlangoni kwake. Sikumwendea kwa huruma. Nilimwendea kama mwanafunzi anayemwendea mwalimu. Nilimwomba jambo moja: ashike simu yake na kuandika, mbele yangu, kile ambacho angeandika kama angekuwa anatafuta fundi kama wewe.

Akaandika kwa kidole gumba, bila kufikiri: "mguu wa kuvaa unachubua nifanyeje".

Nikamuuliza kwa nini hakuandika bandia. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa kwa bahati mbaya.

"Bandia ni noti, bwana mdogo. Bandia ni dawa. Mguu wa kuvaa ni wa kweli kabisa, unaugonga unasikia. Wa uongo ni ule wa nyama. Si ndio ulioniponyoka juu ya bati?"

Nikamwonyesha kadi yako. Akacheka mpaka akashika ukuta, halafu akauliza, "Na huyu mjomba wako, kweli anatengeneza miguu?" Nikasema kweli. "Na watu wanampita hivi hivi?" Nikasema wanampita. Akatikisa kichwa. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

Tuliandika pamoja siku mbili, yeye akinoa, mimi nikihesabu herufi. Mimi nilitaka kichwa kiseme "miguu isiyochubua". Yeye alikataa katakata. Alisema fundi wake wa kwanza naye alimwahidi hivyo, na aliporudi na kigutu chake kimetoka damu aliambiwa, "Utazoea." Usimwahidi mtu kwamba hautachubua, alisema, mwambie ukichubua utafanya nini. Nimesoma vitabu vingi vya ushawishi, Mjomba, vingine vinene kuliko tofali, na hakuna kilichonieleza jambo hilo kwa uwazi huo.

Kichwa chako kipya ni hiki: "Miguu ya kuvaa: tunapima upya mpaka ikae – Karakana Hatua". Herufi hamsini na saba, nafasi zikiwemo. Jina la karakana nimeliweka mwisho, maana anayetafuta mguu hakujui bado; anakijua kinachomuuma. Na kama simu yake itakata, ikate jina, isikate mguu.

Maelezo ni haya: "Umekatwa mguu, au mguu wa kuvaa unachubua? Njoo tuupime. Asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa. Ukikuuma, rudi tuurekebishe, hatuhesabu mara." Herufi mia moja thelathini na tatu. Yanaweza kufika mia moja na hamsini hivi kabla ya kukatwa, lakini tulipomaliza kusema tulinyamaza. Ukurasa wa mikono nao nimeupa kichwa na maelezo yake wenyewe. Zamani kurasa zako zote zilivaa shati moja, na aliyetafuta mkono alionyeshwa zile zile falsafa zangu.

Usidhani maneno hayo yatakupandisha juu ya orodha. Maelezo hayana nguvu hiyo. Kazi yake ni kumfanya aliyekwisha kukuona asikupite. Mtambo wa kutafuta wenyewe una ukaidi wake: ukiona ulichoandika hakifanani na kilichomo ndani, huchota maneno mengine ukurasani na kuyaonyesha badala yake. Kwa hiyo nimeifuta falsafa ndani pia. Iliniuma kidogo. Nimeihifadhi kwenye daftari, hakuna anayeihitaji.

Kuhusu picha, nilikuwa na mawazo ya kitaalamu: tabasamu, mwanga, mikono ya fundi. Mwenzangu alinionyesha nyuma ya mlango wake, penye kiatu kimoja cha kulia, safi, kimepigwa rangi. "Piga picha ya viatu viwili," akasema. "Mtu akikatwa mguu, kinachomuumiza macho kila asubuhi ni kiatu kilichobaki peke yake." Basi nitumie picha ya mguu uliotengeneza wewe, umevaa kiatu, kando ya mwenzake. Iwe pana, upana wake karibu mara mbili ya kimo, na viatu vikae katikati, maana kadi hupunguza pembeni. Nilifikiria kupiga ule wa uvunguni ili nisingoje. Nimeacha, nikaiondoa tu ile ya chupa. Kuonyesha kazi ya mwingine na kuiita yako, hiyo ndiyo ingekuwa bandia.

Utaona jambo moja la kukatisha tamaa. Nilipokwisha kubadilisha, Mama alinitumia tena anwani ile, na kadi ikaja na chupa zake za bizari vile vile. Mitandao huhifadhi kadi ya zamani, na ni lazima uiombe isome upya, nimeiomba, imesoma. Zile zilizokwisha kutumwa watu hazibadiliki. Maji yaliyomwagika hayazoleki. Na mtambo wa kutafuta huusoma ukurasa kwa wakati wake, pengine siku chache, pengine majuma kadhaa. Siwezi kukuapia kwamba simu italia vizuri kabla ya tarehe thelathini na moja.

Hapa ndipo tunapopingana, maana najua utasema ulivyosema katika barua yako: kizuri chajiuza. Kwa heshima zote, methali hiyo ilitungwa na mtu mwenye kibanda njia panda. Kizuri chajiuza kikionekana. Cha kwako kilikuwa nyuma ya ukuta, na ukuta niliujenga mimi, kwa matofali ya sarufi nzuri. Huwezi kusema umepimwa ukakutwa umepungua, ilhali kazi yako haijaonekana hata siku moja. Ukifunga sasa, utakuwa umefunga kwa kushindwa kwangu, na kushindwa kwangu sitaki ukubebe wewe.

Ndiyo maana nakuomba umwombe mwenye jengo akuache mpaka mwisho wa mwezi wa nne. Si kwa ajili yangu. Sababu yake ni hii.

Alhamisi, tulipokwisha kuandika, fundi wa mapaa alibaki akiyatazama maelezo kwenye simu. Akaniuliza, "Hii ya hatuhesabu mara, ni kweli au umeandika tu?" Nilimwambia jinsi ulivyomtengenezea Bibi fimbo, ukaipunguza na kuinyosha mara saba mpaka ikamkaa mkononi, na hukuwahi kumwambia atazoea. Akauliza ni umbali gani. Nikasema siku nzima kwa basi. Akauliza kama kuna mahali pa kulala. Nikasema, kwa kuwa mimi ni mpwa wako na nyumba yako ni yangu, kwamba pale kuna godoro la wageni. Nisamehe, na uniombee msamaha kwa Mkaza Mjomba.

Mtambo haujasoma upya, Mjomba, lakini mtu mmoja amesoma. Nilitaka kukupigia simu. Yeye akasema wewe andika, nitaipeleka mwenyewe, mwenye mguu ndiye aende. Anapanda basi Jumanne, na mguu wa uvunguni ameufunga kwenye taulo, pamoja na kile kiatu cha kulia na kile cha kushoto alichokuwa amekifungia kabatini. Aliyekukabidhi bahasha hii ndiye. Maneno yale tumeyaandika mimi na yeye, ila kuyafanya yawe kweli hatuwezi. Hilo ni lako, na litachukua zaidi ya siku zilizobaki mwezi huu.

Nisalimie Mkaza Mjomba na binti yenu, Bi Maswali. Mwambie mgeni ana majibu mengi ya mambo ya mapaa, amuulize bila kuogopa. Bibi, Mama na Dada wanakusalimu. Fundi cherehani anakusalimu na anauliza bei ya mdalasini, mpuuze.

Mungu akupe pumzi isiyo na vumbi na subira ya kupima mara ya nane. Salamu nyingine nimeziacha, maana uko mlangoni unasoma na mtu amesimama kwa magongo. Mpe kiti.

Mpwa wako akupendaye,
Kamusi.